Miezi Sitini

Duluth, mwisho wa Februari. Ziwa limeganda
hadi watu wanalikatiza kwa pikipiki za theluji,
na yadini kwetu magari mapya yamelala chini ya shuka jeupe,
bei tu ndiyo inayoonekana, tumeipangusa kwa kiwiko.

Mimi si muuzaji. Muuzaji ni Duane, mwenye tai na vichekesho.
Mimi ni mtu wa chumba cha nyuma, wa kikokotoo na mhuri,
ninayeletewa mteja akishapenda rangi.

Huyu alipenda kijani. Bi Marlys Haugen,
miaka sabini na mmoja, mpishi mstaafu wa shule,
aliketi bila kuvua koti, mkoba magotini,
kama asubiriye basi.

Nikamweleza ninavyoeleza kila siku:
gari ni dola elfu ishirini na nane.
Ama kampuni ikukatie elfu mbili na mia tano,
taslimu, papo hapo, lakini mkopo ukautafute benki
kwa riba ya sita nukta tisa;
ama usikatiwe hata senti,
riba iwe moja nukta tisa, miezi sitini.
Vyote viwili? Hapana.
Mshika mbili moja humponyoka,
na hapa hata kuzishika huruhusiwi.

Akatoa bahasha ya bili ya gesi, akaigeuza,
akaandika kwa penseli iliyobaki urefu wa kidole.
Mia tano na nne kwa mwezi huku.
Mia nne na tisini kule.
"Dola kumi na nne," akasema. "Kahawa na mayai."
"Kwa miaka mitano," nikamwambia, "ni zaidi ya mia nane.
Chukua riba ndogo." Nilikwisha kuvuta fomu.

"Na nikiumaliza mapema?"
"Mapema lini?"
"Miwili. Daktari wa macho amenipa miwili.
Siku akiamka vizuri hunipa mitatu.
Baada ya hapo nitaliuza, nilipe deni, nitembee."

Hilo halimo kwenye brosha.
Nikabonyeza upya. Nikabonyeza tena.
Theluji ikaporomoka kutoka paani, sote tukashtuka.
Kwa miaka miwili hesabu inapinduka:
taslimu inashinda, kwa mia nne arobaini hivi.
Riba ndogo ni tiketi ya mwisho wa reli;
anayeshuka njiani hulipia kiti asichokikalia.

Miaka kumi na tisa ninauliza jina la mwajiri,
namba ya simu, anwani, kodi ya nyumba.
Sikufundishwa kuuliza:
utaona hadi lini?

Duane akachungulia mlangoni, dole gumba juu.
Nikamtikisia kichwa. Akaondoka na dole lake.

"Jirani yangu Verna," akasema Bi Haugen, akiitazama bahasha,
"husafishwa damu Jumanne na Ijumaa.
Aliniuliza nani atampeleka mwaka kesho,
na mwaka wa kesho kutwa.
Nikamjibu kabla sijafikiri."
Akanyamaza. Akapiga mstari chini ya kitu.
"Andika sitini."

Nikamkumbusha zile mia nne arobaini.
"Nimesikia. Masikio hayajaniacha."

Alisoma kila ukurasa, pua ikikaribia karatasi,
hata zile herufi ndogo za nyuma
ambazo mimi mwenyewe, naapa, sijawahi kuzimaliza.
Ukurasa wa saba akapata kosa: wameandika kijivu.
Nikachapa upya.

Dirishani nilimwona akirekebisha kiti, kioo,
kisha kiti tena. Barabara ilikuwa tupu kote kote.
Akawasha indiketa ya kulia, akatoka polepole,
akaisahau ikiwaka,
ikipepesa, ikipepesa,
hadi kona ya pili.